Sahani ya Águeda

Sura ya Sita

Bohari la Casimiro Urdiales lilikuwa na baridi kuliko barabarani. Sajenti Nieves Arconada, mwanamke wa kikosi cha polisi kinacholinda urithi wa sanaa, aliingia saa tatu na nusu asubuhi, hakuvua koti, akaenda moja kwa moja hadi mwisho wa chumba, mahali picha ilipokuwa imesimamishwa juu ya kiegemeo cha mbao. Nyuma yake alikuja Koplo Telmo Bustillo, faili kwapani, na mfukoni mwa koti lake la nje kopo lake bapa la kahawa, limevishwa soksi ya sufu ili lisipoe.

"Mtakatifu Lucía," alisema Urdiales kabla hajaulizwa. "Karne ya kumi na saba, karakana ya Sevilla. Nimeinunua kwa mjane mmoja wa Valladolid na hati zote ninazo. Nilimwambia hakimu, nakuambia na wewe."

"Sijauliza kitu, Bwana Urdiales."

"Nakupunguzia kazi, afande."

Pembeni, juu ya sanduku la mbao, alikuwa amekaa mzee aliyeweka kofia yake magotini. Huyu alikuwa Mwalimu Honorio Lasarte, mwalimu mstaafu wa kuchora, mzaliwa wa kijiji cha Valdemuñó. Sajenti ndiye aliyemwita. Kiangazi kilichopita Mwalimu Honorio alikarabati madhabahu ya kanisa la kijiji chao, na orodha ya vitu aliyoiandika wakati ule ndiyo karatasi pekee duniani iliyoieleza picha iliyoibiwa.

"Mnafahamiana?" Sajenti aliuliza.

"Ndiyo kwanza tunaonana leo," alisema Urdiales.

"Leo hii," alisema Mwalimu.

Koplo akaandika.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Siku kumi na tisa nyuma, wanawake wa Valdemuñó waliingia kanisani kufagia wakakuta ukuta mtupu pale alipokuwa Mtakatifu Águeda. Kitasa hakikuvunjwa. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na mtunza ufunguo alikuwa Saturnina Cuéllar, mjane wa miaka sabini na mmoja, aliyeuvaa kwa uzi chini ya nguo mchana na usiku. Mpwa wake wa kike, Delfina, alikuwa fundi wa kukarabati picha za kale mjini Madrid. Meya alijumlisha mawili hayo mbele ya watu: shangazi kafungua, mpwa kabeba. Ufunguo sasa ulikuwa ndani ya mfuko wa nailoni kwenye faili la Koplo, na mashtaka ya Saturnina yalikuwa yamekwisha kupigwa chapa.

Koplo ndiye aliyeiona picha ya Urdiales kwenye orodha ya vitu vinavyosubiri kupelekwa nje ya nchi. Vipimo vilifanana na vya Valdemuñó. Mtakatifu hakufanana. Hakimu aliwapa mpaka saa tisa alasiri. Wakithibitisha kwamba ni picha ile ile, ikamatwe. Wasipothibitisha, isafiri jioni hiyo hiyo, na kesho yake Saturnina apelekwe mahakamani.

Sajenti alipima. Urefu sentimita mia na kumi na nane, upana sabini na moja. Alihesabu misumari ukingoni, akatazama nyuma ya turubai kwa tochi. Hapakuwa na turubai ya pili iliyobandikwa. Kitambaa kilikuwa cha tabaka moja, cheusi kwa uzee, kimeshonwa katikati kwa uzi wa kitani.

"Afande," Koplo alimnong'oneza, "mimi kwa watakatifu ni maamuma. Hata wa siku yangu ya kuzaliwa namsahau, mpaka mke wangu anikumbushe ninunue keki. Huyu si ana macho kwenye sahani? Si Lucía tu?"

"Wachoraji wetu wa zamani hawakupenda kuchora mateso yenyewe," alisema Sajenti bila kuondoa macho kwenye picha. "Mfiadini walimvika hariri kama binti wa tajiri anayekwenda misani, wakampa mkononi kile alichonyang'anywa au kile kilichomuua. Unasoma mikono, unapata jina. Gurudumu ni Catalina. Wavu wa chuma wa kuchomea ni Lorenzo. Jino kwenye koleo ni Apolonia. Macho ni Lucía."

"Na Águeda?"

"Matiti."

Koplo akatazama viatu vyake.

Msichana wa kwenye picha alisimama mbele ya giza, gauni la zambarau, shali ya manjano, tawi la mtende begani. Hakuwa na tone la damu. Mkono wa kulia ulibeba sahani ya bati kama mtu anayepeleka chakula mezani, na katikati ya sahani macho mawili ya kahawia yalimtazama mwenye kumtazama. Mkono wa kushoto ulikuwa umeikusanya shali na kuibana kifuani.

"Koplo, kama wewe umetolewa macho, shali utaibana wapi?"

"Usoni, afande. Kama nitaihitaji."

"Huyu anaibana kifuani."

"Kuna baridi," alisema Urdiales. "Kama humu."

"Ungewasha hita, basi," alisema Koplo.

"Koplo, umeme unalipia wewe?"

Sajenti aliinamisha taa ya mezani mpaka mwanga ukapita juu ya turubai kwa ubavu, kama jua la asubuhi linavyopita juu ya shamba lililolimwa. Kila mkwaruzo ulionekana. Gauni lilikuwa bapa, uso ulikuwa bapa. Katikati ya sahani palikuwa pameinuka kidogo, pameviringika, kama ngozi iliyoumwa na nyuki. Na chini ya kila jicho palikuwa na kivuli.

"Mwalimu Honorio, njoo unisaidie. Jicho hili lina ukubwa gani?"

Mzee aliinuka, akavaa miwani. "Kama zabibu."

"Na kivuli chake?"

Mwalimu alichelewa kidogo. "Ni kikubwa zaidi."

"Zabibu yenye kivuli cha andazi."

"Sajenti, kwa ruhusa yako." Mwalimu alizungumza taratibu, kama mtu aliyezoea kuandika ubaoni huku akiongea. "Karakana za Sevilla zilichora mabinti hawa kwa jumla. Uso mmoja, mwili mmoja, sahani inaachwa wazi mpaka mteja apatikane. Mimi peke yangu nimeona wanne wenye sura hii. Huyu huenda alianza kuwa Águeda, mteja akabadilika, wakamfanya Lucía. Kivuli kikabaki, na shali ikabaki. Ni kazi ya miaka mia tatu iliyopita. Hakuna mwizi hapo."

"Umesikia?" alisema Urdiales.

"Nimesikia. Ni hoja nzuri." Sajenti alinyoosha mkono, Koplo akampa orodha. "Picha ya kanisani kwenu uliishika mwenyewe, Mwalimu?"

"Niliiteremsha, nikaipangusa vumbi, nikaipima, nikaiandika, nikairudisha. Siku mbili."

"Na ufunguo?"

"Saturnina alinipa kila asubuhi, nikamrudishia kila jioni. Miezi miwili. Sijaficha."

"Umeandika hapa: *Vanishi juu ya sahani ni nene na ya manjano kuliko sehemu nyingine. Haikuguswa.*"

"Na ndiyo sababu nasema siyo yenyewe. Tazama sahani hii. Manjano iko wapi?"

Sahani ilikuwa ya kijivu, safi. Sajenti hakubisha. Alimwuliza Urdiales kama angeweza kujaribu sehemu moja ndogo kwa pamba na dawa.

"Soma amri ya hakimu, afande. Hakuna kukwaruza, hakuna dawa, hakuna kuigusa rangi kwa mbele. Ukiharibu, serikali inanilipa."

"Nimeisoma." Alizima taa. "Naomba msiondoke hapa mjini Segovia, nyote wawili. Nitarudi kabla ya saa tisa."

*

Valdemuñó ni mwendo wa dakika hamsini, ukiwa na dereva asiyesimama kuongeza kahawa. Theluji ilikuwa imebaki kwenye mitaro tu. Jikoni kwa Saturnina kulikuwa na joto la tanuri, na meza yote ilikuwa imejaa trei za maandazi ya sikukuu. Yalikuwa ya mviringo, yamepakwa sukari nyeupe, yamepangwa mawili mawili, na juu ya kila moja palikuwa na tunda jekundu lililokaushwa.

Koplo aliyatazama, akaelewa ni nini, akageukia dirishani.

"Chukua, mwanangu, hayaumi," alisema Saturnina. Alikuwa mwembamba, nguo nyeusi, mikono meupe kwa unga. "Tena chukua mawili. Hayaliwi moja moja."

"Nimeshiba, mama."

"Mwongo mkubwa. Tumbo limeniamkia kabla yako."

Koplo alichukua mawili.

Sajenti alihesabu trei nane. "Ni mengi kwa mtu mmoja, Mama Saturnina."

"Kila mwaka tunaokea hapa. Wanawake wote. Tanuri langu ndilo kubwa." Alifuta meza mahali palipokwisha kufutwa. "Mwaka huu kila mtu kaokea kwake. Nami mkono umezoea, nimekanda unga wa watu wote. Sikuwaza."

Mwanga wa dirisha ulipita juu ya trei iliyokuwa karibu. Kila andazi lilikuwa limelaza kivuli chake upande mmoja, cha mviringo, kipana. Sajenti aliinama akakitazama, halafu akavuta kiti.

"Ulikwisha kuulizwa mara tatu ufunguo ulikuwa wapi."

"Na mara tatu nimesema. Hapa." Alijigusa kifuani upande wa kushoto, mahali ambapo sasa hapakuwa na kitu.

"Sikuulizi hilo. Nataka uniambie kuhusu sahani."

Mikono ya Saturnina ilisimama. "Sahani gani?"

"Ya mtakatifu. Mwalimu Honorio ameandika kwamba vanishi pale ni nene na ya manjano. Picha nzima imepakwa sawa, ila sahani. Nani anakuja kupaka sahani peke yake?"

"Vanishi!" Saturnina alicheka kicheko kifupi, akakikamata kwa kiganja chenye unga. Alipokiondoa kiganja alikuwa na ndevu nyeupe. "Honorio kasema vanishi?"

"Ameandika na kutia sahihi."

Saturnina alizifuta ndevu zile za unga. Kisha alimwelekezea Koplo kidevu. "Huyu atoke."

"Mimi ni askari, mama," alisema Koplo, andazi la pili likiwa mdomoni. "Nimekula kiapo."

"Huko kwenu wewe ni askari. Humu ndani wewe ni suruali tu. Nenda kawape kuku mahindi, ndoo iko mlangoni. Na yule mwekundu usimpe mgongo."

Koplo alimtazama Sajenti. Sajenti aliitazama ndoo. Koplo akatoka.

Saturnina aliukomea mlango.

"Kesho ni siku yake," alisema. "Nyinyi mnajua kile wanachokijua wote. Meya anatukabidhi fimbo yake, siku nzima tunatawala sisi, waume wanapika, watu wanacheka. Hilo la mbele ya watu. Misa ikiisha, padri anatoka. Meya anatoka. Wanaume wote wanatoka, hata mtoto wa kiume akishajua kutembea. Mlango naufunga mimi. Wanafikiri tunasali rozari."

"Mnafanya nini?"

"Aliyejifungua mwaka huo, anayenyonyesha, mwenye uvimbe, aliyekatwa. Kila mmoja na kipande chake cha mshumaa. Unaupasha moto kwa kiganja, hivi, mpaka unausikia umelegea. Halafu unapaka. Juu ya titi la mtakatifu, upande ule unaokuuma wewe. Mama yangu alipaka. Bibi yangu alipaka. Hatujawahi kuondoa hata siku moja, tunaongeza tu."

"Nta."

"Nta. Unene wa ukucha. Basi mwalimu mzima anaita vanishi."

Sajenti aliiweka kalamu juu ya meza. "Kwa nini hukusema?"

"Zamani za bibi yangu padri mmoja aligundua. Akaita uchafu. Akataka amwekee kioo mbele, tusimfikie. Wanawake wakakana wote, na wakaapa. Mimi nimeapa nikiwa na miaka kumi na mitano." Alivuta uzi shingoni, uzi mtupu wa ufunguo, akauzungusha kidoleni. "Nimepaka mara nne. Mara tatu kwa ajili ya watoto. Mara ya nne mwaka wa sabini na tatu, nilipokatwa hili la kushoto. Ufunguo ulikaa vizuri hapo baadaye. Palikuwa na nafasi."

Nje walisikika kuku, na Koplo akimbembeleza mmojawao kwa adabu.

"Ukilisema hili," alisema Saturnina, "watamwekea kioo."

"Usipolisema, mama, leo jioni anapanda lori. Kesho hayupo wa kuwekewa kioo."

"Na mimi nipo mahakamani."

"Na wewe upo mahakamani."

"Delfina je?"

"Na Delfina pembeni yako. Delfina anajua habari ya nta?"

"Alinyonya katikati yetu, atakosaje kujua? Mwaka juzi alinishikia mshumaa. Akaigonga ile nta kwa ukucha, akasema, shangazi, siku moja itabidi niipunguze kwa kisu cha moto, kidogo kidogo, nyinyi mkiwa mmekaa mnaniangalia. Tukacheka."

Sajenti aliinuka, akachukua koti la Saturnina msumarini, akamshikia mikono ili avae. "Twende Segovia, mama."

"Utaandika?"

"Sijui bado nitaandika nini. Siwezi kukuahidi kitu nisichokijua."

Saturnina aliingiza mkono mmoja kwenye koti, kisha wa pili. "Afadhali hivyo. Waliokuja kabla yako waliniahidi kila kitu."

*

Njiani Koplo aliendesha, Saturnina akiwa nyuma, amepakata trei moja iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Chini ya macho yale kuna nta," alisema Sajenti. "Aliyechora macho hakuiondoa. Rangi juu ya nta haishiki, inakaa tu kama utando juu ya maziwa. Delfina ni fundi, na nta anaijua. Angekuwa yeye, angeikwangua kwanza."

"Kwa hiyo aliyechora hakujua."

"Aliiona manjano, akaiita vanishi. Juu ya vanishi unaweza kuchora, na siku ukitaka kuondoa unaondoa, bila kudhuru cha chini. Mtu wa kazi hiyo angefurahi kuikuta nene. Ingemlindia mali."

Koplo alibadilisha gia. "Afande, aliyeiita vanishi..."

"Faili unalo wewe."

Koplo alilitupia jicho faili lililokuwa kando yake. "Lakini hiyo nta imefikaje pale?"

"Tazama barabara."

*

Saa nane na dakika ishirini walikuwa boharini. Karani wa mahakama, Belarmino Ochoa, alikuwa amekwisha kufika, amekaa kwenye kiti pekee chenye mto, karatasi kwenye goti. Mwalimu Honorio alikuwa juu ya sanduku lile lile. Alipomwona Saturnina aliinamisha kichwa kwa heshima. Saturnina hakuitika. Alikwenda mpaka mbele ya picha, akasimama, mikono ameifumbata.

"Wamemfanya nini huyu?" alisema kwa sauti ndogo.

"Bwana karani," alisema Sajenti, "naomba uisome amri, pale penye makatazo."

Karani alisoma. Hakuna kukwaruza, hakuna dawa, hakuna kuigusa rangi kwa mbele.

"Nyuma je?"

Karani alipekua ukurasa. "Nyuma hapajasemwa."

"Koplo, kopo lako lina nini?"

"Kahawa ya asubuhi, afande. Imepoa."

"Imwage. Nenda baa ya jirani, wakujazie nyingine. Ya moto, ila kidole kiweze kuvumilia."

"Na maziwa?"

"Koplo."

Alirudi baada ya dakika tano. Sajenti alijaribu joto lake kwa kifundo cha mkono, kama mtu anayepima maziwa ya mtoto. Alichukua karatasi safi, akaikunja mara mbili, akazunguka nyuma ya kiegemeo. Alikuwa amekwisha kupima. Sahani ilianza sentimita arobaini na sita kutoka chini. Aliweka karatasi, juu ya karatasi akaweka kopo bapa, bila kusukuma.

"Hii ni nini?" alisema Urdiales. "Mnaipikia?"

"Naipasha moto kwa nyuma. Kitambaa hiki kimepita viangazi mia tatu vya huku Castilla. Kahawa haitakiua. Kama macho haya yamechorwa Sevilla miaka mia tatu iliyopita, hakuna kitakachotokea, nami nitakuomba radhi mbele ya karani."

"Na ukiiharibu?"

"Utaniona nikilia. Bwana karani, andika saa."

"Saa nane na dakika thelathini na nne," alisema karani.

Dakika ya kwanza haikuleta kitu. Urdiales aliingiza mikono mfukoni, akaitoa. Mwalimu Honorio alikuwa ameshika ukingo wa kofia yake kwa vidole vyote kumi. Dakika ya pili Koplo aliinama mbele, akasema, "Afande. Linakonyeza."

Jicho la kulia lilikuwa limekunjamana pembeni. Kunjo moja, halafu tatu. Kisha rangi yote ya jicho, kope na mboni na weupe wake, na kijivu kilicholizunguka, iliachia kwa pamoja, ikateleza taratibu kuelekea chini ya sahani kama ngozi ya nyanya iliyotiwa maji ya moto. Ilining'inia ukingoni. Nyuma yake palibaki kitu cha mviringo, cheupe chenye rangi ya waridi kidogo, kimefunikwa na manjano iliyoanza kung'aa. Kililingana na kivuli chake. Harufu ya kanisa ilienea bohari zima.

Saturnina alivuta pumzi, akafanya ishara ya msalaba.

Urdiales hakuwa akimtazama Sajenti. Alikuwa amemgeukia mzee wa kwenye sanduku.

"Uliniambia ni vanishi!"

"Nyamaza, Casimiro."

Kalamu ya karani iliendelea kukwaruza karatasi, kisha ikasimama.

"Asubuhi mlikuwa hamjawahi kuonana," alisema Sajenti. "Koplo, tusomee."

Koplo alifungua daftari. "*Ndiyo kwanza tunaonana leo.* Huyo Bwana Urdiales. *Leo hii.* Huyo Mwalimu."

"Mjane wa Valladolid anaitwa nani, Bwana Urdiales? Nina gari nje. Naweza kwenda kumwuliza sasa hivi."

"Hakuna mjane." Urdiales alikaa juu ya fremu iliyoegemezwa ukutani, fremu ikalia. "Yeye ndiye aliyeileta. Tayari na macho yake. Akasema hata mtaalamu hataona kitu, maana mtaalamu watakayemwita ni yeye mwenyewe."

Mwalimu Honorio alikuwa amevua miwani. Sajenti alimwuliza ufunguo aliuchongesha wapi, na akajibu bila kuinua uso. Kwa fundi wa kufuli wa mji wa jirani, mwezi wa Agosti. Alimwuliza nakala iko wapi. Chini ya kinu cha rangi, nyumbani. Aliulizwa kama Saturnina au Delfina alijua chochote.

"Hapana," alisema. "Hakuna aliyejua."

"Umeandika hilo, bwana karani?"

"Neno kwa neno."

Koplo alimfunga pingu Mwalimu, kwa mbele, na kumvika kofia yake kichwani kwa kuwa mikono yake mwenyewe ilikuwa haifiki vizuri. Karani alipuliza wino ukauke.

"Limebaki moja tu kwa ajili ya hakimu," alisema. "Kitu kile cha manjano ni nini?"

"Nta ya mshumaa," alisema Sajenti.

"Na ilifikaje juu ya sahani?"

Saturnina alikuwa bado mbele ya picha, mgongo umewageukia. Hakugeuka. Mkono wake ulikwenda kwenye uzi mtupu shingoni, ukaushika.

Sajenti alimtazama karani. "Kanisani kuna mishumaa, Bwana Ochoa. Inadondoka."

Karani aliitafakari sentensi hiyo, akaona haina kasoro, akaiandika.

Mwalimu Honorio ndiye aliyeinua kichwa. Alikuwa akitazama ile nta, unene wake, jinsi ilivyolala juu ya titi tu bila kugusa gauni, mkono, wala ukingo wa sahani. "Haikudondoka," alisema. "Imepakwa. Ni tabaka juu ya tabaka." Alimgeukia Saturnina. "Miaka sitini na minane naishi kijiji kile. Nani alikuwa anapaka?"

"Miaka sitini na minane uko nje ya mlango, Honorio," alisema Saturnina.

Koplo akampeleka garini.

Sajenti alifungua faili lililoachwa juu ya meza, akachana mfuko wa nailoni, akautoa ufunguo. Ulikuwa mkubwa, wa chuma, umelainika kwa kuvaliwa. Alimpa karani karatasi ya kupokelea, karani akampa Saturnina kalamu, na Saturnina akaandika jina lake polepole, herufi zote. Kisha aliufunga ufunguo kwenye uzi, akageuka upande wa ukuta, akaushusha mahali pake.

"Hilo jicho la pili?" aliuliza.

"Litabaki mpaka kesi iishe. Ni ushahidi. Lakini hakimu akikubali, picha inaweza kulala kanisani kwenu, chini ya ulinzi. Kesho atakuwa ukutani pake."

"Na ulinzi ndio nani?"

Koplo alikuwa amerudi mlangoni, anapuliza vidole. Alilitazama kopo lake la kahawa mkononi mwa Sajenti kwa huzuni.

"Mimi na huyu," alisema Sajenti.

Saturnina alichukua trei yake, akaondoa kitambaa, akampa Koplo maandazi mawili.

"Wewe utalinda kwa nje," alimwambia.